Kuvuta trela la hibridi kwa SUV ya saizi ya kati: anza na stika ya mlangoni

Jamaa zetu wengi huku Marekani wanaotaka kupeleka familia kambini huniuliza hivi: "SUV yangu inavuta pauni 5,000, trela lina pauni 3,900, si mambo safi hayo?" Huenda ni safi, huenda siyo. Namba hizo mbili ndizo watu wa mauzo hupenda kukuonyesha, na gari halishindwi pale zinapogusana. Linashindwa mapema zaidi, pale uzito wa shingo ya trela, yaani mkono wake wa mbele unaofungwa kwenye gari, unapolalia mgongo wa gari.

Tuelewane kwanza: hibridi hapa haihusu injini. Ni trela la kuta ngumu ambalo ncha zake zina milango inayolala kwenda nje ikawa vitanda, juu yake hema la turubai. Trela la futi 18 hadi 21 linalaza familia nzima, ndiyo maana wenye SUV za kati wanalipenda.

Hatua ya 1: Soma mlango wa dereva

Fungua mlango wa dereva, angalia nguzo. Kuna stika inayosema uzito wa watu na mizigo usizidi pauni kadhaa. Namba hiyo ni ya gari lako hilo hilo, si la jirani mwenye modeli ileile. Paa la kioo na viti vya ngozi tu vinaipunguza. Tuseme imeandikwa 1,250. Sasa toa: wazazi wawili na watoto watatu, pauni 600. Shingo ya trela, 500. Kiungio cha kugawa uzito, chenyewe chuma kizito, 80. Umebakiwa na pauni 70 za kreti ya vinywaji, jiko na mbwa.

Kisha fungua kitabu cha gari, sura ya kuvuta. Toyota Highlander ya V6, Honda Pilot ya AWD (inayosukumwa na magurudumu yote manne) na nyingine nyingi za kundi hili zimepewa pauni 5,000, na kikomo cha shingo mara nyingi ni pauni 500. Hapo ndipo penye kazi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya shingo kabla ya kununua

Trela la kawaida linatakiwa liweke shingoni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Chini ya 10 linaanza kupiga mkia barabarani. Mahibridi mengi huelemea mbele: kitanda cha mbele kimekunjwa hapo na godoro lake, mitungi ya gesi iko hapo, betri iko hapo. Mtungi mmoja wa pauni 20 za gesi, ukiwa umejaa, unakaribia pauni 37.

Chukua asilimia 12. Pauni 500 za shingo zinakupa trela la pauni 4,166, likiwa limepakiwa. Si 5,000. Ukichukua asilimia 13 unashuka hadi 3,846. Na uzito wa kwenye brosha ni wa trela tupu: hauna maji, sufuria, viti wala mablanketi, na mara nyingi hata betri haimo. Kwa familia yenye watoto, ongeza pauni 600 bila kubishana na mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukiwa na SUV ya pauni 5,000, tafuta hibridi ambalo tupu halizidi pauni 3,500. Ukishalipenda la pauni 4,200, usibadilishe hesabu, badilisha gari. Jeep Grand Cherokee ya V6 ikiwa na vifaa vya kuvutia hufika pauni 6,200, na Nissan Pathfinder za karibuni, kwa matoleo yanayohusika, hufika 6,000.

Hatua ya 3: Pita mizanini

Wenye malori wanaijua mizani ya CAT kwenye vituo vikubwa vya mafuta. Hata wewe wa SUV unaruhusiwa. Pakia kila kitu kama siku ya safari, familia ikae garini. Pima gari na trela vikiwa vimeunganishwa, vyuma vya springi vya kiungio vikiwa vimelegezwa. Halafu liache trela kwenye maegesho, urudi upime gari peke yake, watu na mizigo ileile.

Karatasi inakuonyesha ekseli ya mbele, ya nyuma na ya trela kila moja kivyake. Jumlisha ekseli mbili za gari wakati limefungwa trela, toa uzito wa gari peke yake: jibu ndilo uzito wa shingo. Ekseli za gari nazo zilinganishe na vikomo vilivyo mlangoni. Ya nyuma ndiyo hujaa kwanza.

Shingo ikizidi, usikimbilie kurundika vitu nyuma kabisa ya trela. Utapunguza shingo, ndiyo, lakini utatengeneza bembea. Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli. Maji nayo yaangalie: galoni moja ni zaidi ya pauni 8, tangi la galoni 30 ni kama pauni 250, na lilipo tangi ndipo uzito unapokwenda. Mimi naona bora kusafiri na maji kidogo tu ya choo na kujaza kambini.

Hatua ya 4: Vifaa

Kidhibiti cha breki za trela si cha hiari. Majimbo mengi yanadai trela liwe na breki likipita pauni 3,000, na breki za umeme bila kidhibiti garini ni mapambo. Unahitaji soketi ya pini 7. Ile ya pini 4 inawasha taa tu. Kurekebisha kidhibiti, tafuta barabara tupu ya tambarare, nenda maili 25 kwa saa, bana kitufe chake cha mkono hadi mwisho. Uhisi trela likikuvuta nyuma kwa nguvu bila tairi kujifunga.

Kiungio cha kugawa uzito kinarudisha sehemu ya mzigo kwenye tairi za mbele. Soma kitabu kwanza, kwani si kila mtengenezaji anakiruhusu. Kama kinaruhusiwa, pima kwa utepe kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi la mbele: kabla ya kufunga, baada ya kufunga, na baada ya kukaza vyuma. Kitabu kisiposema vingine, mbele irudi chini angalau nusu ya ilivyopanda.

Minyororo ipishane chini ya shingo. Waya wa dharura, ule unaofunga breki za trela likichomoka, ufungwe kwenye gari lenyewe, usiupitishe kwenye minyororo.

Hatua ya 5: Tairi na vitanda

Tairi za trela zijazwe upepo zikiwa baridi, kwa kiwango cha kwenye stika ya trela. Tafuta tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 3119 ni wiki ya 31 ya mwaka 2019. Tairi zuri kwa macho lakini la miaka saba, libadilishe.

Halafu zunguka ukavute kwa mkono kila komeo la vitanda, huku unalitazama. Turubai likibanwa kidogo kwenye ukingo, komeo hukaa kama limefunga wakati ulimi wake haujaingia. Sikiliza mlio, kisha vuta tena.

Hatua ya 6: Barabarani

Maili 60 kwa saa zinatosha. California hata hairuhusu zaidi ya 55 ukiwa na trela. Uso wa trela ni kama ukuta unaosukuma upepo, mafuta yatakwisha haraka.

Barabara kuu ya I-70 magharibi ya Denver, Colorado, inapanda hadi futi 11,000 na ushee kwenye handaki la Eisenhower. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo kule juu umebaki na theluthi mbili tu. Kaa njia ya kulia na malori, acha injini izunguke. Kushuka ndiko kwenye hatari: ingia gia ndogo kabla ya mteremko, kanyaga breki kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha uachie. Usiikalie breki.

Trela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, bana kitufe cha breki za trela taratibu. Breki ya mguu usiiguse, wala usiongeze mwendo.

Hatua ya 7: Kambini

Weka vizuizi pande zote mbili za tairi kabla ya kugusa kiungio. Fungua, inua kwa jeki, sawazisha, teremsha miguu ya kona, ndipo vitanda vifunguliwe. Mkiondoka turubai likiwa na umande, likunjeni tu, lakini mkifika nyumbani lifunguliwe siku hiyohiyo likauke. Ukungu wa turubai hautoki.