Farasi Wangapi Wanatosha Kupanda Iwambi?

Siku hizi mteja akinionyesha picha ya gari kwenye simu, kitu cha kwanza kutaja si bei wala kilomita. Ni farasi, yaani nguvu ya injini. "Fundi, hii Mark X ina farasi 215, nichukue?" Nina gereji Mwanjelwa, hapa Mbeya, na magari yenye farasi wengi ndiyo yanayolipa ada za wanangu, kwa hiyo kibiashara ningemwambia chukua, tena leo leo. Lakini kama anayeuliza ni mtu wa kutoka Uyole kwenda Kabwe asubuhi na kurudi jioni akipitia sokoni, namkalisha kwenye benchi tupige hesabu kwanza.

Anza kwa kuandika safari zako. Usiandike zile unazoziota, andika unazokwenda kweli: kazini, shuleni kwa watoto, kanisani, shamba, msibani Tukuyu, na Dar mara moja moja. Pembeni ya kila safari weka idadi ya watu, mzigo, na kama njia ni lami au udongo. Wengi wakimaliza wanakuta karatasi nzima imejaa foleni ya Mafiati na vibao vya 50. Pale trafiki akikupiga tochi hana habari na kilichomo chini ya boneti.

Halafu chagua kilima kibaya kuliko vyote kwenye orodha yako. Kwa mtu wa Mbeya mara nyingi ni Iwambi ukitokea Mbalizi. Wa Iringa atasema Kitonga. Wajapani wanahesabu farasi mmoja kuwa nguvu ya kuinua kilo 75 mita moja juu kwa sekunde moja. Tuseme una Vitz ya CC 1000, mmo watu wanne na gunia la viazi, jumla kilo 1,300 pamoja na gari yenyewe. Kilima kinapanda mita 8 kwa kila mita 100. Ukienda 50 kwa saa unasogea karibu mita 14 kila sekunde, na katika hizo unakuwa umepanda mita 1.1. Zidisha kwa 1,300, gawa kwa 75, unapata farasi 19. Ongeza wa kupambana na upepo, wa matairi, na wanaopotelea kwenye giaboksi, tuseme wote wafike 28. Vitz ile ilitoka kiwandani na farasi kama 70.

Sasa mbona wenye Vitz wanakuja kulalamika kwamba gari haina nguvu? Kuna hewa, halafu kuna mguu wa dereva.

Hewa kwanza. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kila unapopanda mita 100. Farasi 70 wanabaki 58 hivi. Ukienda nayo Kitulo, kwenye mita 2,600, wanabaki 52. Ukishuka Kyela wanarudi karibu wote. Ndiyo maana mtu ananunua gari Dar, anaijaribu Dar, akifika nayo Uyole ananiambia kuna kitu kimechomolewa njiani. Hakuna kilichochomolewa, kaka, ni urefu wa kwetu. Na hata hao 58 ni mara mbili ya wale 28 tuliowahesabu.

Mguu ndio wenye maneno mengi. Wale farasi wanaoandikwa kwenye matangazo wanapatikana injini ikiwa kwenye RPM (mizunguko kwa dakika) 6,000 hivi. Ukiiweka kwenye 2,500, ile Vitz hapa Mbeya inatoa chini kidogo ya 28, kwa hiyo lazima ikushinde kilimani. Dereva anaogopa mlio, anaiacha kwenye D na O/D (overdrive, ile gia ya juu ya mwendo kasi) imewashwa, mshale wa RPM hauinuki, gari inakohoa, halafu anawaza kununua injini kubwa.

Mwalimu mmoja aliniletea IST ya CC 1300 akitaka kuiuza kwa sababu hiyo hiyo. Tukashuka hadi Mbalizi, tukageuza. Tulipoanza kupanda nikamwambia azime O/D na asiondoe mguu. Mshale ukaruka mpaka karibu na 4,000, naye akaachia mafuta hapo hapo. "Fundi, inalia!" "Iache ilie, mama." Akakanyaga tena, amekunja uso kama anayesubiri kishindo. Kishindo hakikuja. Gari ikashika 60 ikawa inapanda nayo, tukalifikia Fuso la mbao ikabidi tupunguze tukae nyuma yake. Bado anaitumia. Injini ya petroli yenye oili safi haiumii kwa RPM 4,000 za dakika chache; inayoumia ni ile inayolazimishwa kuvuta kwenye gia nyepesi, yaani ya juu, mpaka usukani unatetemeka.

Kuna wanaobisha kwamba nguvu ni nguvu tu. Hao nawaonyesha mkonga, Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, CC 4,200 dizeli. Farasi wake ni kama 130, mbali kabisa na Mark X, na sijasikia mtu wa Makete akisema mkonga hauna nguvu. Mvuto wake unakuja chini, kwenye RPM 2,000 na kitu, na gia zake zimepangwa kwa kazi ya kuvuta. Kwa hiyo ukipewa karatasi ya gari usiishie kwenye HP, yaani farasi. Tafuta namba yenye Nm, kipimo cha mvuto, uangalie inapatikana kwenye RPM ngapi. Ikipatikana chini, gari itakupandisha bila kelele.

Ukishapunguza orodha yako ya magari, yajaribu kilimani. Usikubali dalali akuzungushe mtaani Soweto hapa mjini kwenye lami tambarare. Jaza watu wazima wanne, muombe mwenye gari mwende Mbalizi na kurudi. Wakati wa kupanda angalia mshale wa joto usisogee, na usikilize kama giaboksi inahangaika kuchagua gia, inapanda na kushuka bila sababu. Mkifika juu iache injini iungurume kidogo kabla ya kuzima, na usifungue mfuniko wa rejeta mpaka ipoe. Ikishapoa ukague huo mfuniko: kwa urefu wetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo mpira wake ukilegea utapata matatizo mapema kuliko mtu wa Dar.

Wakati wa kushuka ndipo utajua umenunua nini. Pale farasi hawana msaada wowote. Gari nzito yenye farasi 215 inazilemea breki zake kuliko Vitz, na Iwambi, Inyala na Kitonga zote zina upande wa kuteremka. Zima O/D, weka 2 kabla mteremko haujaanza, uache injini iishikilie gari. Kama unalazimika kukanyaga breki muda wote, gia yako bado ni nyepesi. Ukisikia harufu ya pedi kuungua, tafuta mahali pa kusimama.

Pesa nitaisema kwa kifupi. TRA haiangalii farasi, inaangalia CC: kwa gari ya kuagiza, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini ni asilimia sifuri hadi CC 1000, asilimia 5 hadi 2000, na 10 kuanzia hapo, mbali na ule wa uchakavu kwa gari iliyozidi miaka 8. Viwango huguswa kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo pitisha gari yako kwenye kikokotoo chao kabla ya kuagiza. Mafuta nayo huku ni ghali kuliko Dar kwa sababu yanasafirishwa zaidi ya kilomita 800. Mark X ninazozihudumia zinakwenda kilomita 7 au 8 kwa lita mjini. Vitz nzima inafika 14. Na ukija kwangu, ya kwanza ina plagi sita na koili sita.

Suala la kuyapita malori nalisikia sana, na lina ukweli wake. Barabara ya Tunduma imejaa semitrela. Lakini Kitonga huruhusiwi kupita hata ukiwa na farasi 300, na kwenye tambarare ya Chimala hadi Igawa semi inakwenda 60 au 70. IST ya CC 1500 ikizimwa O/D mapema, kabla hujatoka nyuma ya lori, inalipita vizuri. Kama uko ndani ndani kule Busokelo, shida yako ni tope. Nunua gari iliyoinuka na tairi zenye kashata.

Wapo wanaohitaji nguvu kweli: wanaovuta trela, wanaotoa viazi Isyonje kila wiki, wanaopanda Chunya na mashine za kusaga mawe. Hao watafute dizeli yenye tabo, maana tabo inasukuma hewa ndani na urefu wa huku hauisumbui sana. Kabla ya kulipa, muombe mwenye gari alegeze bomba la hewa linalotoka kwenye tabo, uingize kidole. Utandu mwembamba wa oili ni kawaida. Ikichuruzika, toa gharama ya tabo nyingine kwenye bei, na akikataa, rudisha funguo.