Kuandaa igizo la mwani pamoja na mtafiti wa bahari

Mimi ni mpiga ngoma na mwigizaji wa Bagamoyo. Hivi ndivyo tunavyoandaa igizo la joto la bahari kwa wakulima wa mwani wa Mlingotini.

1. Msiandike kitu kwanza. Mpelekeni mtafiti shambani siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka sana, maji yakishatoka, akafunge mbegu kwenye kamba pamoja na kina mama. Kipimajoto kikae mfukoni. Watamwonyesha wenyewe cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, iliyopauka, ukiigusa inakatika. Hapo ndipo akitoe, namba isomwe na wote. Maji yakizidi nyuzi 30 siku mfululizo, cottonii hudhoofika. Spinosum, aina nyingine ya mwani, huvumilia zaidi, ila bei yake ni ya chini. Tayari mmepata kisa: mama apande ipi?

2. Namba ichezwe. Mara ya kwanza nilimsimamisha mtafiti na grafu yake. Watoto waliondoka, mama zao wakawafuata. Siku hizi kila nyuzi inayopanda, ngoma inaongeza kasi, na mchezaji aliyefungwa kamba ya mwani anacheza mpaka anaanguka. Wapigaji hawakosekani Bagamoyo, chuo cha sanaa cha TaSUBa kiko hapa hapa.

3. Mtafiti apitie mswada. Mimi niliandika kwamba joto ndilo linaloua mwani wote. Akafuta: mvua za masika hupunguza chumvi, na samaki aina ya tasi nao wanakula mwani. Nilinuna, lakini mkulima anayewafukuza tasi kila siku angenicheka mbele ya watu.

4. Onyesheni jioni, wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayatoki sana. Siku za bamvua kina mama wako shambani, mtawachezea mbuzi.

5. Katisheni kabla ya mwisho. Mwani umekufa, mama kasimama na kamba tupu: waulizeni watazamaji afanye nini, na anayejibu apande aigize mwenyewe. Msimkatize, hata akikosea. Mtafiti aseme mwishoni, kwa ufupi. Sisi tulikuja na jibu letu mfukoni, kwamba mashamba yahamie kwenye kina kirefu ambako maji yana ubaridi. Bibi mmoja akapanda, akajifunga kanga vizuri, akauliza: "Nani kati yenu atatufundisha kuogelea?"

Tukarudi kuandika upya. Sasa igizo lina boti, na mtafiti anaigiza mtu asiyejua kuogelea. Hahitaji mazoezi.