Sabufa Haipigi: Kutafuta Besi Iliyopotea Kwenye Gari Lenye Redio ya Kiwandani

Redio iliyotoka kiwandani na gari haikutengenezwa kwa ajili ya sabufa. Kazi yake ni kulisha spika ndogo za milangoni bila kuzipasua, na njia rahisi ya kuzilinda ni kuzinyima besi. Ndiyo maana mtu hufunga sabufa ya inchi 12 na amplifaya ya wati 500, akawasha, akasikia mngurumo mdogo kama wa redio ya chumba cha pili. Anabadilisha sabufa, hali ni ileile. Mara nyingi sabufa haina kosa lolote, kwa sababu besi yenyewe haijaifikia.

Fuata njia ya sauti kuanzia kwenye redio hadi kwenye koni ya sabufa, hatua kwa hatua, kabla ya kununua kitu kingine. Utahitaji multimita, betri ndogo ya volti 1.5, na faili za sauti ya mlio mmoja: hezi 40, 50 na 200, zote zikiwa zimerekodiwa kwa kiwango kimoja.

Vya kuangalia kabla ya kufungua chochote

Ikwalaiza ya redio iwe katikati kote. Fada, yaani kirekebishi cha kugawa sauti kati ya spika za mbele na za nyuma, isiwe imesukumwa mbele kabisa kama nyaya za sabufa umezichukua kwenye spika za nyuma. Ikiwa unacheza muziki wa simu kwa Bluetooth, sauti ya simu iwe karibu na juu kabisa na ikwalaiza ya simu izimwe. Kile kitufe cha kuongeza besi kilichowekwa karibu na dereva, angalia hakijazungushwa hadi mwisho wa chini. Mara nyingine goti la dereva ndilo lililokizungusha.

Chanya na hasi zilizogeuzwa

Hili ndilo kosa linalowasumbua wengi, na kulipima hakuhitaji chombo chochote. Amplifaya za chaneli moja hujumlisha upande wa kulia na wa kushoto kuwa kitu kimoja. Besi ya muziki mwingi imerekodiwa sawasawa pande zote mbili. Sasa kama upande mmoja umeungwa kinyume, chanya kwenye hasi, koni inaambiwa itoke na irudi kwa wakati mmoja, na besi inajiua yenyewe ndani ya amplifaya. Kinachobaki ni sauti nyembamba isiyo na kifua.

Cheza wimbo wenye besi nzito kwa sauti ya wastani. Punguza sauti, chomoa waya mmoja wa RCA (zile nyaya mbili za kulia na kushoto zinazoingiza mawimbi ya sauti) kwenye amplifaya, kisha irudishe sauti palepale. Katika hali ya kawaida besi itapungua kidogo au ibaki vilevile. Ikiongezeka, umepata mwizi: upande mmoja umegeuzwa. Rudi pale nyaya za spika zinapoingia kwenye kigeuzi (kidude kinachopokea nyaya za spika za redio na kutoa RCA) au kwenye amplifaya, ubadilishane nyaya mbili za upande mmoja tu. Usiamini rangi za nyaya peke yake, maana kila mtengenezaji wa magari ana mpangilio wake. Tafuta mchoro wa nyaya wa gari lako, mwaka na toleo vikiwa sahihi.

Kuna kinyume cha pili, cha sabufa dhidi ya spika za milangoni. Hapa besi ipo, lakini kati ya hezi 60 na 100, mahali ambapo sabufa na milango hupiga pamoja, zinapingana. Dalili yake ni kwamba ukiwa kwenye buti unaisikia sabufa vizuri, ukikaa kwenye kiti cha dereva inapotea. Geuza swichi ya PHASE ya amplifaya kutoka 0 hadi 180, au kama haipo, badilishana chanya na hasi kwenye sabufa. Sikiliza ukiwa umekaa kitini, milango imefungwa. Upande wenye besi nyingi ndio sahihi, hata kama haulingani na alama zilizoandikwa.

Je, redio inakata besi?

Dalili ya kwanza inasikika kwa masikio: sauti ikiwa ya chini besi inaridhisha, ukipandisha, waimbaji na matoazi wanapanda lakini besi inabaki nyuma. Redio nyingi za kiwandani hufanya hivyo kwa makusudi. Kadiri unavyoongeza sauti ndivyo zinavyobana masafa ya chini.

Ili uwe na uhakika, pima. Tenganisha sabufa na amplifaya kwanza, usije ukaiumiza kwa milio ya majaribio. Weka multimita kwenye volti za AC, gusa nyaya mbili za spika pale zinapoingia kwenye kigeuzi, spika zenyewe zikiwa zimeunganishwa. Cheza mlio wa hezi 40, panda hatua tano tano za sauti huku ukiandika volti. Rudia kwa mlio wa hezi 200. Hezi 200 zinafaa kwa ulinganisho kwa sababu multimita za bei ndogo hudanganya kwenye masafa ya juu, ila hapo chini husoma vizuri.

Sasa linganisha orodha mbili. Zikipanda pamoja hadi juu, redio yako ni safi na tatizo liko mbele. Hezi 40 zikipanda hadi hatua fulani kisha zikaganda au kushuka, huku hezi 200 zikiendelea, redio inakata besi kulingana na sauti. Hezi 40 zikiwa chini sana tangu mwanzo, basi umechukua mawimbi mahali pasipofaa, kwenye waya ambao tayari umechujwa.

Tahadhari moja: nyaya zote mbili za spika kwenye redio za kisasa hubeba karibu nusu ya volti za betri, hata ule ulioandikwa hasi. Usiufunge hasi ya spika kwenye bodi ya gari. Utaunguza sehemu ya ndani ya redio.

Mahali pa kuchukua mawimbi

Kama gari lina spika ya kutoa milio myembamba kwenye dashibodi na nyingine mlangoni, waya wa dashibodi hauna besi hata tone. Chukua kwenye spika kubwa ya mlango wa mbele, au ya nyuma kama ndiyo yenye masafa kamili. Gari lenye amplifaya ya kiwandani lina habari tofauti: kati ya redio na amplifaya hiyo mawimbi yanaweza kuwa ya kidijitali, au ya kiwango kisichobadilika, kwa hiyo unaunga baada ya amplifaya, kwenye nyaya zinazokwenda kwa spika. Kama gari lilikuja na sabufa ndogo ya kiwandani, waya wake unavutia, ila upime kwanza kwa jaribio lile la hezi 40, maana nao unaweza kubanwa.

Redio ikikutwa inakata besi, njia ni tatu. Ya kwanza ni kuweka kifaa cha kurekebisha mawimbi kinachoirudisha besi kadiri sauti inavyopanda. Baadhi ya vigeuzi vyenye umeme wake vina uwezo huo ndani. Ya pili, kwenye baadhi ya magari, fundi mwenye kompyuta anaweza kubadilisha mpangilio wa redio ili itoe sauti bapa isiyochujwa. Ya tatu haina gharama: angalia orodha yako uone ni hatua gani ya sauti ambapo hezi 40 zilianza kuganda, kisha pangia geini ya amplifaya (imeelezwa hapo chini) kwenye hatua hiyo, uifanye kuwa mwisho wako wa kawaida. Njia hii ina mipaka yake, lakini inawatosha watu wengi kuliko wanavyodhani.

Kigeuzi chenyewe, kile kidude mafundi wanachokiita LOC, kinachopokea nyaya za spika na kutoa RCA, kinaweza kuwa ndicho kikwazo. Vile vidogo visivyo na waya wa umeme vina transfoma ndogo ndani, na transfoma ndogo haiwezi kubeba masafa ya chini kabisa. Pima hezi 40 na 200 mahali zinapotokea kwenye RCA kama ulivyopima zinapoingia. Zikiingia sawa na kutoka tofauti, badilisha kigeuzi. Amplifaya nyingi zina sehemu ya kuingiza nyaya za spika moja kwa moja. Kama yako inayo, kigeuzi hukihitaji kabisa.

Magari yenye mfumo wa kuzima kelele za injini yana mtego wake. Maikrofoni zilizofichwa kwenye dari husikia mngurumo, kisha mfumo hupiga mawimbi ya kinyume kupitia spika. Besi ya sabufa yako nayo inahesabiwa kuwa kelele. Matokeo ni besi inayopotea na kurudi, au mvumo usiokoma hata muziki ukisimama. Suluhisho ni kuuchomoa mfumo huo, kwenye kifaa chake au kwenye maikrofoni zake, kulingana na gari.

Vichujio na geini

Kwenye amplifaya, swichi ya kichujio iwe LPF (hupitisha masafa ya chini), si HPF (hupitisha ya juu). Kwenye HPF sabufa hupata kila kitu isipokuwa kazi yake. Weka LPF hezi 80. Kichujio cha SUBSONIC, kinachokata masafa ya chini kabisa, kikiwepo, kiwe hezi 25 au 30. Kuna watu wamekikuta kwenye 50 na wakalaumu sabufa. Kama kigeuzi pia kina LPF, tumia mmoja tu na mwingine uufungue hadi mwisho.

Geini si kitufe cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha nguvu ya mawimbi yanayoingia na uwezo wa amplifaya. Zidisha wati za amplifaya kwa omu za sabufa, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Wati 300 kwenye omu 4 ni 1200, kipeuo chake volti 34.6. Wati 500 kwenye omu 2 ni 1000, yaani volti 31.6. Tumia wati halisi za kuendelea, zile za RMS, si zile kubwa zilizochapwa kwenye boksi la bidhaa.

Acha sabufa ikiwa imetenganishwa. Zima nyongeza zote za besi, cheza mlio wa hezi 50, weka redio robo tatu ya sauti yake au kwenye hatua uliyoipata hapo juu. Pima volti za AC mahali pa kufungia sabufa, pandisha geini taratibu hadi ufike namba yako, simama hapo. Ukifika mwisho wa geini na volti bado ni chache, mawimbi yanayoingia ni dhaifu. Rudi nyuma, usiongeze BASS BOOST. Desibeli 12 za kitufe hicho zinadai nguvu karibu mara 16, na amplifaya haina pa kuzitoa. Itapasua sauti na kuichoma koili, yaani waya uliosokotwa unaoisukuma koni.

Umeme

Injini ikizunguka, kwenye amplifaya usome volti 13.5 hadi 14.4 hivi, magari yenye alteneta zinazodhibitiwa na kompyuta yanaweza kushuka chini ya hapo kwa nyakati fulani. Unganisha tena sabufa, cheza besi nzito kisha upime mara mbili kwa volti za DC: kutoka hasi ya betri hadi hasi ya amplifaya, na kutoka chanya ya betri hadi chanya ya amplifaya. Kila kipimo kinatakiwa kuwa kidogo, volti 0.1 au 0.2. Kikifika nusu volti, umeme unapotelea njiani.

Mara nyingi kosa liko kwenye waya wa bodi, ule unaotoka hasi ya amplifaya hadi kwenye chuma cha gari. Uwe mfupi, chini ya sentimita 45, unene sawa na waya mwekundu, umefungwa kwa bolti kwenye chuma kilichopigwa msasa hadi kung'aa. Rangi ya gari haipitishi umeme. Kwa wati 300 waya wa namba 8 wa shaba unatosha. Ukikaribia 1000, namba 4, ambao ni mnene zaidi. Waya wa aluminiamu iliyopakwa shaba hubeba pungufu, kwa hiyo panda ukubwa mmoja. Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45.

Koili na boksi

Sabufa nyingi zina koili mbili. Koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba zinatoa omu 2; zikifuatana, omu 8, na hapo amplifaya ile ile hutoa sehemu ndogo ya nguvu yake. Soma kwenye amplifaya omu za chini kabisa inazoruhusu, kisha unga kulingana nazo. Multimita itasoma pungufu kidogo: koili ya omu 4 husoma 3.2 hadi 3.8. Isiposoma chochote, imekatika. Koili moja ikiungwa kinyume cha nyingine, koni haisogei kabisa ingawa amplifaya inachemka. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye koili moja, chanya kwa chanya, uone koni inatoka nje. Fanya vivyo hivyo kwenye ya pili. Zote mbili ziisukume upande mmoja.

Boksi lililofungwa likivuja, besi ya chini hutoroka. Sukuma koni kwa viganja viwili, polepole, kisha iachie: kwenye boksi zima inarudi kwa uvivu, kwenye linalovuja inaruka mara moja. Ziba kwa silikoni kwenye maungio na pale nyaya zinapoingilia, uache ikauke siku nzima kabla ya kufunga sabufa. Boksi dogo mno nalo hubana besi. Sabufa ya inchi 12 kwenye boksi lililofungwa mara nyingi hutaka lita 28 hadi 35, na karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho.

Kwenye gari la buti, geuza sabufa itazame nyuma, kisha sogeza boksi sentimita kumi kumi kuelekea taa za nyuma huku mwenzako amekaa kiti cha mbele akisikiliza. Lifunge pale atakaposema besi imejaa.