Somo: Kudhibiti magugu ya nyasi kwenye ukoka wa nyumbani, kwa kalenda ya Mtwara na Lindi

Ndugu zangu, masomo mengi ya bustani yanayosambaa huandikwa kwa watu wenye vuli na masika. Sisi huku kusini tuna msimu mmoja: mvua zinaanza Novemba au Desemba, zinakatika Aprili au Mei. Mbegu za magugu zilizolala ardhini kiangazi chote huamka karibu kwa pamoja mvua zikishika. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya mvua na katika wiki chache za mwanzo. Ukisubiri hadi Februari, utakuwa unafyeka tu.

Hatua ya 1: Litambue gugu

Usinunue dawa yoyote kabla ya hapa. Chuma shina, lizungushe katikati ya vidole. Likiwa na pembe tatu, hiyo ni ndago. Ndago si nyasi, ingawa imefanana nazo, na mbinu zake nitazieleza kwenye maswali.

Likiwa bapa, jeupe chini karibu na mzizi, limelala chini na kusambaa pande zote, na kichwa chake kina vidole kama vya ulezi, huo ni ulezi mwitu. Ni ndugu wa karibu wa ulezi tunaosaga. Hupenda ardhi iliyoshindiliwa: njia ya kwenda chooni, mahali pa kuegesha pikipiki, pale watoto wanapochezea mpira. Lipo na jingine lenye vidole vyembamba zaidi, linalotambaa na kutoa mizizi kwenye vifundo. Yote mawili huota kwa mbegu, na mmea mmoja hutoa mbegu maelfu.

Hapa watu hupoteza fedha. Dawa ya 2,4-D, ambayo muuzaji atakupa ukimwambia tu "nataka dawa ya magugu isiyoua nyasi", huua magugu ya majani mapana. Ulezi mwitu ni nyasi, hivyo utabaki umesimama pamoja na ukoka wako.

Hatua ya 2: Oktoba na Novemba

Palipo pagumu, choma ardhi kwa uma wa shamba, kina cha sentimita 10 hivi, kisha tandaza mboji iliyoiva. Samadi mbichi usiiguse, imejaa mbegu za malisho ya ng'ombe.

Mwenye eneo kubwa anaweza kutumia dawa ya kuzuia mbegu kuota, kama pendimethalini, kabla tu ya mvua kushika. Ni lazima imwagiliwe kidogo iingie kwenye udongo wa juu. Haiui gugu lililokwisha kuota, na huzuia vipando vipya vya ukoka kushika mizizi, kwa hiyo usiitumie mahali unapotaka kupandikiza msimu huo. Kipimo fuata lebo, na hakikisha kiuatilifu kimesajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kuku na watoto wakae mbali hadi pakauke.

Kwa uwanja wa kawaida wa nyumbani, mimi napendelea mkono kuliko dawa.

Hatua ya 3: Mvua zikianza

Ng'oa siku moja baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na gugu halijatoa kichwa. Ulezi mwitu una mizizi migumu ajabu; ingiza kisu chini ya shina, usivute majani. Lenye kichwa tayari litie kwenye mfuko, usilitupe pembeni ya ua. Shimo linalobaki zibe siku hiyohiyo kwa kipande cha ukoka chenye vifundo viwili au vitatu. Pengo lililo wazi kwa jua litapata gugu jingine.

Hatua ya 4: Ukataji

Ukoka ukatwe ubaki sentimita 3 hadi 5, na kila mara usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Kuukwangua hadi mchanga uonekane ili "ukae muda mrefu" ndiko kunakoita magugu, maana mwanga unafika kwenye mbegu.

Mbolea kidogo: nusu kilo ya urea kwa mita za mraba 100, mara mbili ndani ya msimu, kwa sababu mchanga wetu hauhifadhi kitu. Mwaga maji mara baada ya kuweka.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mikindani:* Shikamoo mwalimu. Jirani kaniambia nimwage maji ya chumvi, gugu litakufa.

Marahaba mwanangu. Acha kabisa. Ukoka huvumilia chumvi kiasi, lakini ulezi mwitu nao haufi kirahisi, na utaharibu udongo wa miti yako. Kama ni gugu la kwenye nyufa za sakafu, maji yanayochemka yanatosha.

*Kutoka Naliendele:* Kaka, nina glaifoseti ya kusafishia shamba la mikorosho. Naweza kupulizia?

Glaifoseti haichagui, itaua na ukoka. Unaweza kupaka gugu mojamoja kwa sponji ukiwa na glavu, basi. Na bomba lililobeba glaifoseti lisitumike kwa mikorosho, mabaki yake yakigusa majani yanaunguza.

*Kutoka Lindi mjini:* Ndago nimelima kwa jembe mara nyingi, zinazidi!

Pole dada. Chini kuna viazi vidogo vilivyoungana kwa nyuzi. Jembe likikata nyuzi, kila kiazi kilichokuwa kimelala kinaota peke yake. Chimbua kwa uma, utoe na viazi vyake, kisha rudia kila majani mapya yanapotokeza, kabla hayajalisha viazi vingine. Ni kazi ya zaidi ya msimu mmoja. Ndago haipendi kivuli, hivyo nyasi nzito itakusaidia.

*Kutoka Shangani:* Chini ya mwembe ukoka haushiki, magugu tu.

Ukoka unataka jua kamili. Hapo panda nyasi za Pemba, zile za jani pana, zinavumilia kivuli. Zikate juu kidogo, sentimita 6 hadi 8. Zikigoma nazo, tandaza majani makavu ya mwembe huohuo na uache paitwe kivulini.