Kabla hujapanda piki tena baada ya ajali

Kwa wale walioangushwa na piki na sasa plasta imeshatolewa, helmeti uliyoanguka nayo usiivae tena hata kama kwa nje iko sawa, ile foumu ya ndani kazi yake ni kubonyea mara moja na ikishabonyea hairudi, ukigonga tena ni kichwa chako na lami. Wala usimpe mtu, ikate mikanda kisha utupe. Piki nayo kabla hujaitoa gereji simama mbele yake ubane gurudumu kwa magoti, tizama kama usukani umelingana nalo, maana foki, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, hupinda na fundi yeye kashughulika na rangi na saiti mira tu.

Mwili sasa. Goti lililokaa wiki na wiki bila kukunjwa huwa gumu kama mbao, na yale mazoezi ya fizio yanauma wallahi, lakini ndiyo dawa, kaa barazani jioni ukunje unyooshe polepole, na usikubali kukandwa na mtu wa mtaani ati anajua mifupa.

Uoga usiuonee haya. Anza kubebwa nyuma na mtu unayemuamini, halafu Jumapili asubuhi mapema ushike mwenyewe kule barabara ya Mama Ngina, Mombasa, kukiwa kweupe, daraja la Nyali na matrela ya Changamwe yatakungoja tu, hayaendi popote.

Ah, na risiti za hosipitali na picha za eksirei weka zote, bima ya gari lililokugonga wataziulizia.