Njia na kibaraza cha mawe bustanini: jinsi ya kujenga kwa mikono

Ukiona njia ya mawe imetitia katikati, au jiwe linacheza ukilikanyaga, usililaumu jiwe. Kasoro iko chini yake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii ni kuchimba na kushindilia, na kupanga mawe kunakuja mwishoni.

Vifaa: sururu, jembe, beleshi, toroli, shindilio la mkono, vigingi na kamba, pima maji, ubao ulionyooka wa mita 2, nyundo ya mpira, nyundo nzito na tindo. Vaa glovu, viatu vigumu na miwani ya kazi.

1. Chora

Njia ya sentimita 90 inapitisha toroli bila kugusa maua. Ukitaka watu wawili watembee bega kwa bega, weka 120. Kama njia ina kona, laza mpira wa maji chini uufuate kwa miguu mara kadhaa. Pale unapojikuta unakata kona, basi njia ipite papo hapo, kwa sababu kila mtu ataikata hivyo hivyo.

Kwa kibaraza, hakikisha pembe ni mraba. Toka kwenye kona, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo mbili lazima uwe mita 5 kamili. Kabla ya kuchimba, jua mabomba na nyaya zimepita wapi.

2. Amua maji yaende wapi

Kibaraza kisiwe sawa kabisa. Kiinamishe sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Kikiwa na mita 3, ukingo wa nje utakuwa chini kwa sentimita 6 kuliko ule wa ukutani. Uso wa mawe ubaki angalau sentimita 15 chini ya safu ya kuzuia unyevu ukutani. Njia nayo iinamishe kidogo upande mmoja. Funga kamba kwenye vigingi kwa kimo cha mwisho na mwinamo huo, kisha vipimo vyote vya kina uvichukue kutoka kwenye kamba.

3. Chimba

Msingi sentimita 10, mchanga 3, jiwe 5: jumla 18. Penye udongo wa mfinyanzi, msingi uwe 15. Ondoa udongo wote mweusi wenye mizizi, maana mizizi ikioza ardhi hushuka. Panua shimo sentimita 15 kila upande kupita ukingo wa mawe. Ukikuta sehemu laini, ichimbe zaidi uijaze kokoto. Chini ya shimo pawe na mwinamo ule ule wa juu.

4. Msingi

Tumia kokoto zilizosagwa, za ukubwa mchanganyiko pamoja na vumbi lake. Kokoto za mtoni za mviringo hazifai hata ukipewa bure: huteleza moja juu ya nyingine, wakati zenye kona hubanana. Shimo la mita 3 kwa 3 lenye msingi wa sentimita 10 linahitaji mita za ujazo 0.9, ongeza kama moja ya tano, kwa kuwa zitapungua zikishindiliwa.

Mwaga tabaka la sentimita 5, linyunyizie maji, shindilia, ndipo uweke la pili. Ukimwaga zote kwa pamoja, juu patakuwa pagumu na chini pabaki palegevu. Utajua umefika pale ambapo ukikanyaga kwa kisigino hakuna alama.

5. Mchanga

Laza mabomba mawili yenye unene wa sentimita 3, mwaga mchanga wa chenga nene katikati, kisha uvute ubao juu yake. Toa mabomba, jaza mifereji yake. Usifiche mabonde ya msingi kwa mchanga mwingi. Palipo na mchanga mnene ndipo patakapotitia. Tandaza eneo utakalolimaliza siku hiyo tu.

6. Panga mawe

Yatandaze kwanza kwenye nyasi, uyaone yote. Makubwa yaende pembeni na mlangoni, madogo yabanwe katikati. Jiwe dogo likiwa ukingoni litang'oka. Acha nafasi ya sentimita 1 hadi 2. Kona nne zisikutane mahali pamoja, wala nafasi zisifuatane kwa mstari mrefu mmoja.

Bamba la sentimita 60 kwa 60, unene 5, lina kilo 45 hivi au zaidi: nyanyueni wawili. Lilaze likiwa juu kidogo ya kamba, ligonge kwa nyundo ya mpira hadi likae. Sikiliza: mlio wa uwazi maana yake kuna pengo chini. Likicheza, linyanyue urekebishe mchanga wote. Kuchomeka kijiwe chini ya kona ni kuandaa mahali litakapopasukia.

Kukata, chora mstari, lilaze jiwe juu ya mchanga, pitisha tindo taratibu pande zote mbili mara nyingi kabla ya kupiga kwa nguvu. Ukitumia mashine, mwagia maji na uvae barakoa ya vumbi. Vumbi la mawe huharibu mapafu.

7. Kingo na kujaza

Bana ukingo kwa mawe yaliyosimamishwa wima, au zege lililofichwa chini ya udongo. Bila hivyo mawe yatasogea nje polepole. Kisha fagia vumbi la mawe likavu kwenye nafasi, nyunyiza maji kidogo, fagia tena, mpaka lisishuke zaidi.

Weka akiba ya ndoo moja ya vumbi hilo na mawe mawili matatu. Mvua za mwanzo zitafungua nafasi kadhaa. Zijaze mapema, kabla mchanga wa chini haujaanza kutoka.