Somo: Kumwonyesha mgonjwa chumba cha upasuaji kwa miwani ya VR

Wauguzi wenzangu, wengi niliowaandaa hawakuogopa kisu. Waliogopa ule mlango: unafunguka, ndugu wanabaki nje, wewe unasukumwa umelala. Miwani ya VR humfanya aone chumba cha upasuaji kama yumo ndani, kabla ya siku yenyewe. Nachukua mfano wa mama anayejifungua kwa upasuaji, kwa sindano ya ganzi ya mgongoni.

Hatua ya 1. Rekodini chumba chenu wenyewe kwa kamera ya digrii 360, inayopiga pande zote kwa pamoja, kikiwa hakina mgonjwa. Video ya Ulaya itamwonyesha vitu asivyovikuta kwenu. Kamera ikae juu ya kitanda cha magurudumu, pale kichwa kinapolala. Hapa msiharakishe. Sisi tuliosimama tunaona kuta na meza. Yeye anaona dari, ile taa kubwa ya mviringo, na nyuso zenye barakoa zikimwinamia. Msirekodi kitanda kikitembea, picha ya hivyo humtia mtu kichefuchefu. Rekodini vituo: mlangoni, chini ya taa, wodini.

Hatua ya 2. Wekeni maelezo ya Kiswahili, taratibu. Mwambieni wazi kuwa miguu itakuwa mizito na maumivu hayatakuwepo, ila mtoto akitolewa atahisi kuvutwa. Asipoambiwa, atadhani ganzi imeisha.

Hatua ya 3. Aketi. Muulize kama ana kifafa. Futa miwani panapogusa uso. Lenzi zifute kwa kitambaa laini kikavu, spiriti huziharibu. Dakika 5 zatosha.

Hatua ya 4. Akivua, akueleze alichoelewa kwa maneno yake. Fomu ya ridhaa bado ni mazungumzo yake na daktari.

MASWALI

Sista, kituo chetu hakina hela ya miwani.
– Anzeni na boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, unaingiza simu ndani. Google walitoa la kwao, Cardboard, mwaka 2014.

Mgonjwa anaweza kuona ubongo wake mwenyewe?
– Ndiyo. Hospitali ya Stanford, Marekani, picha zake za MRI na CT (vipimo vya kupiga picha ndani ya mwili) huunganishwa kuwa umbo la pande tatu, akaingia humo pamoja na daktari.

Akikataa kuvaa?
– Usimlazimishe, kaa naye mzungumze. Mama mmoja aliivua baada ya nusu dakika, akanishika mkono: “Sista, mtoto akilia nitamsikia?” Nikamjibu atamsikia, maana atakuwa macho. Hakuuliza lingine.